Magunia ya Ng'ambo

"Nani amekwambia wewe ni yatima?"

Swali hilo niliulizwa na baba mkubwa siku ya Ijumaa, baada ya sala, mbele ya mgeni aliyetoka ng'ambo. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa nimejumlisha mwenyewe. Baba yangu alikufa nikiwa bado nanyonya. Mama akaolewa Mombasa, nami nikabaki Nakuru kwa kaka yake baba, ambaye nilimwita Baba kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba mtoto mdogo aliyefiwa na baba ni yatima. Sikuona nilipokosea hesabu.

Baba alikuwa na duka la nafaka nyuma ya soko. Malori yalimletea mahindi kutoka Subukia na viazi kutoka Molo, na vumbi la Nakuru lililetwa na upepo bila kuagizwa. Kila mwaka baada ya mavuno alitenga magunia ya mahindi na maharagwe, na madebe ya samli, yaende kwenye nyumba moja ya yatima katika bandari ndogo ya Uarabuni, mji aliotoka babu yake. Mwalimu wa watoto wale pia alilipwa na yeye. Walikuwa wavulana tu, na hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kuwaona, lakini tuliwajua kuliko tulivyowajua watoto wa jirani. Tulijua nani anaumwa macho, nani amehitimu kusoma, nani amerefuka kanzu ikamwacha magotini. Habari zao zililetwa na msimamizi wa nyumba ile, aliyekuja kwa meli na kwa treni kushukuru.

Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia. Magunia ya biashara yalishonwa kwa uzi wa katani. Ya ng'ambo, Mama mkubwa, mkewe Baba, alinipa uzi mnene wa buluu ili yasije yakachanganywa. Nilitumia shazia, sindano ndefu kuliko kidole changu, na hamali wa duka alikuwa akinisimamia kama mkaguzi.

"Fundi wa yatima," aliniambia, "lile lako la jana limeharisha mahindi mpaka stesheni. Leo funga tumbo hilo vizuri."

"Umelibeba kichwa chini."

"Mimi? Mimi hubeba gunia kama bibi harusi!"

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni. Askari wa stesheni walichoma kila gunia kwa chuma kirefu kuona kama limeficha silaha, halafu mimi na Mama mkubwa tulienda kuziba matundu. Siku moja, nikiwa nimepiga magoti kwenye kokoto za stesheni, nilimuuliza kwa nini Baba anawasomesha watoto wa kule.

"Kwa sababu hawana baba," alisema.

"Na mimi je?"

"Wewe unaye. Si yule umemwacha dukani anapima maharagwe?"

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza darasa la mwisho walilofundishwa wasichana katika shule yetu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole aliyevaa miwani, alikuja dukani kumwambia Baba kwamba nimepata nafasi katika shule ya bweni upande wa Nairobi. Baba alimpa kiti, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante sana, mwalimu," alisema. "Lakini binti yangu halali kwa watu. Wanaolala bweni ni watoto wasio na baba."

Hakuwa bahili, na hakuwa mtu wa kuwachukia wasichana wanaosoma. Alikuwa akieleza mambo kama alivyoyaona. Mwalimu alimaliza chai yake, akaaga. Nafasi yangu ingepewa mwingine mwezi ukiisha.

Ijumaa ile mgeni, yule msimamizi wa nyumba ya yatima, alipofika, wanaume walikaa mkekani chumba cha mbele na sinia la pilau. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Mgeni alizileta habari kama kawaida yake, akamwita Baba baba wa yatima, akasema wapo wavulana wawili wenye akili sana ambao wangefaa kupelekwa mji mkubwa kuendelea na masomo.

"Waendelee," Baba alisema. "Nitaangalia nitakavyofanya."

Jinsi alivyosema kwa urahisi! Nilifungua pazia.

"Baba, mimi pia ni yatima. Na mimi nataka kuendelea."

Mama mkubwa alinifinya mkono, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Ndipo Baba aliponiuliza swali lile, tonge likiwa mkononi. Mgeni alikohoa.

"Kwa sheria ya dini, bwana," alisema, akiangalia mkeka, "mtoto hajasema uongo."

Baba alilirudisha tonge kwenye sinia. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulirudisha tonge.

"Kaka mtu alimzika mdogo wake mara moja," Mama mkubwa aliniambia jikoni. "Leo umemfanya amzike tena."

Niliona hoja hiyo ni dhaifu. Jambo la kweli haligeuki uongo kwa sababu limemuumiza mtu. Bado naamini hivyo, ingawa siku hizi silisemi kwa sauti kubwa.

Baba hakunigombeza. Alianza kupita mlango wa nyuma nikiwa mlango wa mbele. Hamali, ambaye hakujua lililotokea, alininong'oneza, "Umemfanya nini mzee? Anapima debe moja mara tatu, halafu anasahau limejaa au halijajaa." Mwezi ulikuwa unayoyoma. Nilishona magunia yote ya mwaka huo, nayo yakaondoka na mgeni kwa treni ya Mombasa, na hakuna aliyenieleza chochote.

Siku chache baadaye nilikuta sanduku la bati mlangoni, jipya, limepakwa rangi ya kijani. Baba alikuwa ameketi juu yake kana kwamba linaweza kukimbia.

"Huko shuleni wakikuuliza," alisema, "useme una baba."

"Nitasema."

"Na si uongo."

"Si uongo, Baba."

Waliniuliza, nikasema. Ndani ya moyo wangu niliona hayo mawili, kuwa yatima na kuwa na baba, yanapingana, na nilikuwa katika umri wa kutaka mambo yasipingane.

Miaka ilipita, nikaenda chuo kikuu Kampala, ambako tulilipwa posho ili tubishane. Niliandika insha ndefu kuhusu watu wanaotoa sadaka mbali: kwamba maskini wa mbali ni rahisi kumpenda kwa sababu hapigi kelele nyuma ya pazia. Niliisifu sana insha hiyo. Baba hakuisoma. Likizoni aliniuliza tu kama chakula cha huko kinashibisha.

Alikuwa amekwishafariki nilipoingia duka moja la vitambaa Mombasa, na mwenye duka, mtu wa makamo, akaniuliza nimetoka wapi. Nilimwambia Nakuru.

"Nakuru ya magunia?" aliuliza.

Alikuwa amelelewa katika nyumba ile. Aliniambia walikuwa wakifumua uzi wa buluu polepole usikatike, wakashonea vifungo vyao, hata mjini mtu akiona kifungo cha uzi wa buluu alijua huyu ni mtoto wa nyumba ya yatima. Nilimuuliza alisoma mpaka wapi.

"Mpaka mwalimu alipoondoka," alisema, na alilisema bila chuki, huku akinikunjia kitambaa. "Mwaka mmoja msimamizi alirudi kutoka kwenu, akatukusanya. Akasema yule bwana wa Nakuru ataendelea na chakula, lakini hawezi tena kumlipa mwalimu, kwa sababu ana yatima wake nyumbani anayetaka kumsomesha."

Nilimuuliza kama ana hakika na neno hilo, yatima. Alisema ana hakika. Wale wawili wenye akili hawakupelekwa mji mkubwa. Magunia yaliendelea kufika kila mwaka, yameshonwa kwa uzi wa katani, na mwalimu mwingine hakuletwa.