Ukuta Utanipisha

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali akiwa na mguu mmoja na kiti cha magurudumu, na tangu siku hiyo watu wakaanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. Alale wapi, ale nini, nyumba yake apangishwe nani. Yeye, fundi cherehani aliyeshonea sare nusu ya watoto wa mtaa, alikuwa amekaa papo hapo anasikia. Alivumilia mpaka baba yangu, kaka yake na jirani yake wa uzio mmoja, alipotangaza kwamba chumba chetu cha uani kimeshapigwa rangi kwa ajili yake.

"Nimekatwa mguu," Shangazi akasema, "sikukatwa ulimi. Siendi."

Tatizo lilikuwa choo. Ndani yake tulishafunga bomba la kushikilia, na mlango wenyewe ulikuwa mpana, lakini kuufikia ilibidi upite ujia mwembamba wenye kona, na kiti hakikuweza kukata ile kona. Basi nilimbeba mimi, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi. Katikati alijizuia. Nikaja kugundua kwamba ameacha kunywa maji mchana ili asimhitaji mtu. Iliniuma sana, nikamwambia Baba, na Baba akaona nimempa ushindi: mwezi ukiisha kabla Shangazi hajaweza kufika chooni mwenyewe, anahama, na hakuna mjadala.

"Basi ukuta utanipisha," akasema Shangazi.

Ukuta wenyewe aliujenga marehemu mume wake ili wapate stoo, na ndio uliokula nafasi ya ujia. Baba akaapa kwamba ndio ulioshika paa, ukiguswa tutafukiwa sote. Baba huapa kwa sauti kubwa zaidi kwenye mambo asiyoyajua. Shangazi hakubishana naye. Alimwita fundi ujenzi, akamwambia apande darini na tochi kabla ya kugusa chochote, nami nimfuate, maana fundi anayetafuta kazi huona anachotaka kuona. Tukakuta mbao za paa zimekaa juu ya kuta nyingine, na ule wa stoo umeishia chini ya dari bila kubeba kitu. Nilishuka na utando wa buibui kichwani na furaha isiyo na adabu.

Siku ya kazi fundi alikuja na nyundo kubwa. Alitaka aanzie chini, ukuta uporomoke wenyewe, mchana kila mtu awe kwake. Shangazi akamtazama kama alivyozoea kuwatazama wanafunzi wake waliokata uzi kwa meno. Nguo ya kurekebisha hairaruliwi, akamwambia, hufumuliwa. Ukuta nao utafumuliwa, tofali kwa tofali, kuanzia juu. Akachukua chaki yake ya kushonea, akachora mstari pale ukuta unapokutana na ule utakaobaki, na kumwonya asiuvuke. Tulitoa vitu vya stoo, tukatundika mashuka yaliyoloa milangoni kuzuia vumbi, tukafunga koki kuu ya maji, tukavaa viatu vigumu, miwani na barakoa. Baba akaja kusimama sebuleni, mikono nyuma, akisubiri tuumbuke.

Nikazima swichi kuu. Nyumba nzima ikawa giza la mchana, friji ikanyamaza, na fundi akainua nyundo.

"Pima kwanza," Shangazi akasema.

Fundi akanung'unika kwamba umeme si umezimwa, kila mtu ameona. Shangazi akajibu kwamba hata yeye ameona, apime tu. Fundi akachomeka testa kwenye soketi ya ukuta ule. Ikawaka.

Aliyekumbuka ni Baba. Mume wa Shangazi alipokuwa mgonjwa, laini ya umeme ya upande wao ilikatika, ikachukua muda kutengenezwa. Baba akavuta waya kutoka kwetu, juu ya uzio, ili cherehani ya dada yake isisimame. Laini ikatengenezwa, waya ukabaki. Hakuna aliyeutaja tena, kwa sababu kwetu wema ukishatendwa hautajwi. Kuutaja ni kusimanga. Ndivyo tulivyolelewa, na adabu hiyo nusura imuue fundi wa watu.

Baba alikwenda kwetu, akarudi na fyuzi mkononi. Shangazi akanyoosha kiganja, akaipokea, akaifumbata.

"Itakaa kwangu mpaka tumalize."

Fundi akapima tena. Testa haikuwaka. Akaufungua ule waya wote na kuutoa, kisha ndipo nyundo ikaanza kazi.

Tofali za juu zilitoka kwanza. Nilinyunyiza maji vumbi lisiruke, nikabeba kifusi kwa karai mpaka nje ili kisirundikane miguuni pa fundi. Niliporudi safari moja nikamkuta Baba amevua shati, ameshika karai jingine. Msidhani alikuwa amekubali. Kila alipopita mbele ya dada yake alikuwa na neno.

"Ukianguka humo usiku, nani atakusikia?"

"Nikianguka nitakuita, Kaka. Nisipokuita, lala."

Kufikia jioni ukuta haukuwepo. Nikafagia, nikafungua maji, fundi akatandika ubao pale sakafu ilipochimbika. Shangazi akashika magurudumu. Baba akainama amsukume, naye akautoa ule mkono bila hata kumtazama. Akapita mahali palipokuwa ukuta, akaingia, akafunga mlango. Tukasikia komeo.

Tulibaki pale, mimi, Baba na fundi, vumbi mpaka kwenye kope, tumetega masikio ingawa hakuna aliyetaka ijulikane. Baba akashindwa kuvumilia, akagonga kidogo, akauliza kama yuko salama.

"Kaka," sauti ikatoka ndani, "tangu lini mwanamume mzima anasimama mlangoni mwa choo cha mwanamke?"

Tukaondoka wote watatu, Baba akiwa mbele.