Rota ya Landrova ya Nyapara

Gereji yangu iko Industrial Area, Nairobi, na ukutani juu ya benchi ya kazi kuna msumari. Kwenye huo msumari nimetundika kitu kidogo cheusi chenye ulimi wa shaba, kidogo hata kinaenea kiganjani. Wateja huniuliza kama ni hirizi. Huwa nawajibu kwamba ni mtu. Ni nyapara wangu wa zamani, nimemtundika hapo.

Shule niliachia darasa la nne. Sioni haya kusema. Injini nilijifunza nikiwa nimelala chali chini ya magari ya watu, oili ikinidondokea machoni, na nilipofika umri wa kuoa hakukuwa na fundi kutoka mtaa wetu wa Jericho mpaka mwisho wa reli aliyeweza kunifunika. Watu husema najisifu. Ndiyo, najisifu. Ningengoja wengine wanisifu, ningekuwa bado nasukuma mkokoteni.

Sasa kile kitu cha msumarini kinaitwa rota. Magari ya petroli ya siku zile, rota ndiyo iliyogawa moto kwa plagi. Bila hiyo gari ni kibanda cha kuku. Na sisi wa mitaa ya Eastlands tulikuwa na desturi yetu: ukiegesha gari jioni, unafungua boneti, unang'oa rota, unaitia mfukoni na kwenda kulala nayo. Usipofanya hivyo, asubuhi utakuta doa la oili tu pale gari liliposimama. Mimi nilizoea hivyo hata nikiwa mahali pasipo na mwizi. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe.

Huyo nyapara alikuwa jirani. Mlango wake ulitazamana na wangu pale Jericho, chumvi walikuwa wanakuja kuazima kwetu. Jioni moja akaja na habari kwamba mkandarasi mmoja anajenga barabara ndani ya msitu, kule mbali ng'ambo ya Uganda, na anataka watu wa mikono. Akanichukua mimi kwa injini, na akamchukua welda mmoja wa Muthurwa, kwenye zile nyumba za reli, kijana mchangamfu aliyekuwa akiimba hata akiwa amevaa miwani ya kuchomelea. Mke wangu hakupenda.

"Huyo jirani yako," aliniambia, "hata sahani akiazima hairudishi. Atakurudisha wewe?"

Nikacheka. Ningejua nisingecheka.

Kambi yetu ya mbele ilikuwa ya watu wachache: nyapara, welda, mimi, na vibarua wa vijiji vya pale. Msitu ule haukuwa kama wa kwetu wa kukata kuni. Jua ulilisikia tu kwamba liko juu. Kila jioni niling'oa rota ya landrova ya kampuni, nikaitia mfukoni mwa ovaroli. Nyapara alikuwa akinitania.

"Fundi, nani ataiba gari hapa? Nyani?"

"Hata nyani wa Nairobi wameanza hivyo hivyo," nikamjibu.

Asubuhi moja vibarua hawakuja. Tulipaswa kujiuliza kwa nini. Tulikuwa bado tunapuliza moto wa chai nyapara alipokuja mbio, shati halijafungwa.

"Waasi wamevuka mto! Fundi, leta rota nipashe injini moto. Nyinyi chukueni vifaa, tuondoke sote."

Nikampa. Niliitoa mfukoni kwa mkono wangu huu nikaiweka katika mkono wake. Mimi na welda tukakimbilia hemani, yeye akabeba mitungi yake ya gesi, mimi sanduku langu la spana. Tukasikia landrova imewaka. Tukasikia imetoka.

"Anageuza gari," welda akasema.

Tukasimama pale na mizigo yetu, tukingoja mtu anayegeuza gari. Tukaita, tukaita; sauti ya gari ikazidi kuwa ndogo. Waliotufikia walikuwa na bunduki.

Sitaeleza sana habari za kule ndani. Tulitembea mpaka viatu vikafumuka. Tulikula majani ya mihogo, na siku za heri tulikula na mihogo yenyewe. Mkuu wao alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, amevaa shati la mwanafunzi chini ya koti la kijeshi. Alikuwa na lori moja bovu lililofunikwa matawi, na hilo lori ndilo lililonipa uhai. Injini iliyokuwa imewashinda wote, niliifungua kwa spana mbili na nyundo, gasketi nikaikata kutoka soli ya kiatu changu. Lilipowaka, wale wenye bunduki walipiga makofi kama watoto. Nawaambia ukweli: kama ningekuwa karani, mifupa yangu ingekuwa huko.

Mkuu hakuwa na haja ya kutuua. Alitaka kampuni ikiri mbele yake kwamba sisi ni mafundi wake wala si askari wa serikali, kisha atuachie. Akampa habari padri wa misheni iliyokuwa mpakani, padri akazifikisha. Tukangoja. Welda alikuwa ameanza kuimba tena.

Jibu liliporudi, mkuu alituita.

"Patron yenu wa kampuni anasema watu wake walikufa," akasema kwa kile Kiswahili cha kwao. "Nyapara yenu amesema aliwazika na mikono yake. Sasa nyinyi muko nani?"

Welda alishikwa na kicheko. Kilikuwa cha woga, kicheko kile, lakini mlinzi hakujua. Alimpiga kitako cha bunduki gotini, na mguu haukunyooka tena vizuri. Tangu siku ile tulikuwa wapelelezi. Walitutenga, chakula kikapungua, na mimi nikaanza kumwona nyapara kila nikifumba macho: anafunga vifungo vya shati, anaendesha, hatazami nyuma.

Nikamwendea mkuu. "Nipe nafasi nimlete huyo aliyetuzika. Nimlete hapa aseme mbele yako."

Akafikiri. "Weye utaenda. Huyu wa mguu atabaki. Mvua kubwa ikianza kabla hujarudi, sisi tunahama, na mtu hawezi kutembea hatumbebi."

Welda aliniangalia. "Usimuue njiani," akaniambia. "Mlete akiwa mzima. Ukimuua, umeniua na mimi."

Padri alinisafirisha. Nilipofika Jericho, mke wangu alikuwa kibarazani anachambua sukuma wiki, kichwa amenyolewa kama mjane. Alinitazama kama mtu anayetazama jua. Akasimama, akanishika masikio yote mawili, akayavuta.

"Baba watoto, kama wewe ni pepo, sema sasa."

"Pepo hasikii njaa hivi."

Akalia, akanipikia, akanieleza. Nyapara alikuwa amewaletea ovaroli yangu ya zamani. Kule nyumbani magharibi, mwili usipoletwa hatuwezi kuacha mtu hivi hivi, kwa hiyo wazee walikata mgomba, wakauvisha ovaroli, wakauzika uani kwa baba. Nyapara alihutubia. Alisema alinifumba macho kwa mkono wake.

"Alilia kuliko mimi," mke wangu akasema. "Na kula pia alikula kuliko wote. Sasa utaoga kwanza, ama utamuua kwanza?"

"Simuui. Welda yuko hai, namhitaji huyo mbwa akiwa na pumzi."

Akavaa kitambaa akaenda Muthurwa kumchukua mke wa welda.

Nyapara tulimpata kesho yake mchana, kwenye bucha ya soko la Jericho, anakula nyama na watu wamemzunguka. Kampuni ilikuwa imempandisha cheo na kumwachia landrova ile ile, imeegeshwa nje inang'aa. Sikuingia. Nilienda kwenye gari kwanza, nikainua boneti, nikang'oa rota, nikafunga taratibu. Kisha nikasimama mlangoni.

Alikuwa katikati ya hadithi, mkono mmoja umeshika mfupa. "...nikamwambia, fundi, lala salama, ndugu yangu..."

"Nimelala vya kutosha," nikasema.

Mfupa ulianguka. Sikuwahi kuona mtu mzima akipitia dirisha la bucha, lakini siku hiyo niliona. Akaruka ndani ya landrova, akapiga stata. Nyang'a-nyang'a-nyang'a. Akapiga tena. Nyang'a-nyang'a. Soko zima likaja: wauza mitumba, akina mama wa nyanya, makanga wa matatu.

"Buda, sukuma kwa miguu!" mmoja akapiga kelele.

"Si uliambie na gari lilale salama!"

Betri ilipoanza kuchoka, nikaja dirishani nikamwonyesha kiganja. "Unatafuta hii?"

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. "Fundi. Ndugu yangu. Nilidhani mmekufa."

"Ulidhani saa ngapi, ulipokuwa bado unatusikia tukikuita?"

Mke wa welda akapenya watu. Alikuwa mwanamke mdogo, mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alishika mlango wa gari kwa mikono yote miwili. "Uliniambia ulimfukia chini ya mti. Mume wangu yuko wapi?"

Nyapara akatazama usukani.

"Sema!" watu wakasema. "Sema bwana!"

"Niliwaacha," akasema. "Niliogopa nikawaacha. Na padri alipoleta habari, niliambia ofisi ni uongo, ni waasi wanatafuta pesa." Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyekojoa kitandani. Kuna mtu alimtupia nyanya, ikapasuka shavuni. Ningekuwa mwongo nikisema haikuniburudisha.

Habari zikamfikia mwenye kampuni. Akatoa petroli, akatoa ruhusa, akataka jambo liishe kimya. Safari ilikuwa ya watu wawili tu, mimi na nyapara, na yeye ndiye aliyeendesha. Kila tulipopumzika niling'oa rota nikaitia mfukoni mbele ya macho yake.

"Mpaka leo huniamini?" aliniuliza tukiwa tumepita Uganda.

"Nakuamini kama gari lisilo na breki."

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima. Nilimharakisha.

Mkuu alitupokea chini ya matawi yale yale, padri akiwa shahidi. Alimtazama nyapara kutoka viatu mpaka nywele.

"Weye ndiye ulizika hawa?"

"Ndiyo. Hapana."

"Onyesha kaburi."

Nyapara akapiga magoti kwenye matope bila kuambiwa. Akasema ni mafundi, ni watu wa kampuni, si askari, yeye ndiye aliyesema uongo. Alisema yote, na kila neno nililila kama nyama. Mkuu akanigeukia. "Mtu yako iko mrefu, fundi, lakini roho yake iko fupi." Akaamuru welda aletwe.

Alikuja na fimbo. Uso ulikuwa umebaki meno tu. Alinishika bega, kisha akatazama mbingu, na tone la kwanza la mvua likamwangukia kwenye paji.

"Umeiwahi mvua kwa tone moja," akasema.

Tukaondoka kwa magari mawili, lori la padri mbele na welda, landrova nyuma nami na nyapara. Mwendo mrefu kabla ya misheni, lori lilisimama ili welda anyooshe mguu. Landrova nayo ikasimama, nyapara akashuka akaenda nyuma ya mti kujisaidia. Boneti nilifungua na kufunga kabla hajamaliza. Nikampandisha welda katika lori, pale mbele kwenye kiti laini, na nikamwambia padri tusonge, landrova inatufuata.

Nyapara alikuwa amerudi kwenye usukani. Akaona lori linanguruma. Akaona nimepanda nyuma. Akashika stata. Nyang'a-nyang'a-nyang'a.

"Fundi!" akaita. "Fundi, rota!"

Nikamwinulia mkono. "Tunageuza gari," nikamwambia.

Lori likaondoka. Nilimwona anakimbia nyuma yetu kwenye mvua, kisha anatembea, kisha amesimama, kisha msitu ukamfunika. Mimi nilitazama nyuma mpaka mwisho. Sikuwa kama yeye.

Misheni tulipofika, welda akaniuliza mwenzetu yuko wapi. Nikamwambia. Alisugua goti lake.

"Umemwachia maji?"

"Debe liko kwenye gari."

"Na hilo ungebeba," akasema welda.

Hakufa. Alifika misheni kwa miguu, amevimba, na gari lilivutwa baadaye. Jericho hakurudi kukaa. Mkewe alipakia vyombo, na katika vile vyombo mke wangu akachomoa sahani zetu, moja moja. Mimi, kwa kuwa nilishazikwa, kule nyumbani magharibi sikupita mlangoni; wazee walitoboa ua kwa nyuma, wakachinja kondoo, nikaingia kama aliyezaliwa siku hiyo. Ule mgomba waliufukua.

Leo gereji ni yangu na welda. Yeye anachechemea, lakini anaimba. Gari la mteja likikataa kuwaka, huita kutoka kule ndani, "Nyapara huyo!" na vijana wanacheka bila kujua wanamcheka nani.

Mwaka jana nyapara alimtuma mchungaji. Mzee wa heshima, aliketi hapa kwenye ndoo ya oili, akaniambia yule mtu amezeeka, halali vizuri, anaomba nimsamehe. Nilimpa chai. Nikamwambia, "Mchungaji, msamehe wewe. Wewe hukungoja mtu ageuze gari."

Alipotoka nilitoa rota msumarini, nikausugua ule ulimi wa shaba kwa msasa mpaka ukang'aa. Iko sawa kabisa. Ukiitia kwenye landrova leo, itawaka kwa stata moja. Nikairudisha msumarini.