Ngoja Mpaka Aitikie

Kompyuta ya kwanza kuingia shuleni kwetu Mkolani ilivishwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua mekundu pembeni. Aliileta mfanyabiashara mmoja wa mjini ambaye utotoni alisoma kwetu. Soko huria lilikuwa limemnyookea, akanunua mashine mpya, na ile ya zamani akatukumbuka nayo. Mwalimu mkuu aliiweka ofisini kwake, kwenye umeme, na akafurahi kiasi kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Kila asubuhi alifunua kitambaa, akapangusa vumbi, akafunika tena. Wageni walionjeshwa kwa macho.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nilichoka kukiamkia kitambaa, nikajiandikisha kozi mjini, ghorofani juu ya duka moja la vitenge, kila Jumamosi. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka mingi na nina watoto watatu, na mwalimu wangu huko alikuwa kijana ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinaomba ruhusa. Mimi nilimwita Mwalimu, yeye akaniita Mama. Siku ya kwanza niliandika amri, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Nikamwambia kwa ukali kwamba ni mbovu.

"Mama, hii haijui ulichotaka," alisema. "Inajua ulichoandika tu."

Niliona aibu, kisha nikaona raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi. Jumatatu yake nikaanza kuwafundisha darasa la sita, bila kompyuta, kwa kuwa kompyuta ilikuwa imevaa. Mtoto mmoja alikuwa mashine, wenzake wakamwandikia amri kwenye karatasi: piga hatua tano, geuka kulia, nyoosha mkono. Mashine hairuhusiwi kufikiri, inatii karatasi tu. Wiki ya kwanza waligonga ukuta, wakakanyaga ndoo, mmoja akatoka mlangoni akaenda mpaka kwenye shamba la mihogo kwa sababu wenzake walisahau kuandika simama. Tulicheka, tukafuta, tukaandika upya. Hodari wa kuwa mashine alikuwa msichana mpole ambaye darasani hakuwa akiinua mkono hata kama anajua jibu.

Ndipo nikasikia kwamba kamati ya shule inakaa Ijumaa, na inataka kompyuta iuzwe, yanunuliwe mabati. Paa la darasa la tatu lilikuwa linavuja kweli, sikuwa na la kubisha. Lakini nilijua ikiuzwa, watoto wangu watamaliza shule wakiwa wamekijua kitambaa tu. Nikaomba nipewe muda mfupi mbele ya kamati kabla haijaamua.

Ijumaa wazee wakaketi mstari mmoja, mwenyekiti katikati. Alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache, na kamati nzima ilielekea alikoelekea yeye. Watoto walikuwa wameandika amri kwa usafi kabisa: msichana wetu aingie, apite mbele ya wazee, achukue chaki mezani, arudi. Nikawaeleza wazee kwamba yeye ndiye kompyuta, atatii karatasi tu. Akaingia. Akahesabu hatua zake, akapita mbele ya mwenyekiti, karibu kabisa na magoti yake, bila kumtupia jicho wala kumwamkia. Akachukua chaki.

"Huyu mtoto wa nani?" mwenyekiti akauliza. "Ndiyo kazi ya sanduku hilo, Mwalimu? Mtoto anapita wazee kama anapita mbuzi?"

Wiki nzima tulihesabu hatua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka shikamoo. Kwa nini tuikumbuke? Kila mtoto wa kwetu huitoa bila kuambiwa, kama anavyopumua.

Kabla sijafungua mdomo, waandishi wa amri walikuwa wamekwisha inamia karatasi. Mmoja akasimama. "Shikamoo, babu. Kosa si lake. Sisi ndio hatukuandika. Tunaomba arudie."

Akaingia tena. Safari hii alipofika kwa mwenyekiti akasimama. "Shikamoo, babu."

Mzee akafunga mdomo.

Msichana akasimama palepale. Karatasi ilisema: ngoja mpaka aitikie marahaba, ndipo uendelee. Mzee akatazama dirishani. Inzi akatua kwenye shavu la mtoto, akatembea mpaka puani, naye hakutikisika. Mwenyekiti alikuwa anamjaribu, kila mtu alikwisha ona, na mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo asilie, asicheke, asikimbie.

"Mzee, mwitikie mtoto basi!" akalia mama mmoja wa kamati, muuza samaki asiyeogopa mtu.

"Nisipomwitikia?"

"Atangoja, mzee," nikasema. "Mpaka kesho. Ndivyo alivyoandikiwa."

Akamgeukia mtoto. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema hatimaye, na mtoto akapiga hatua yake ya sita kana kwamba hapakutokea kitu. Kamati nzima ikaangua kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, halafu akafuta macho, akawageukia wenzake.

"Kumbe sanduku halina akili. Wenye akili ni hawa wanaoliandikia. Tukiliuza, hawa wataandikia nini? Mabati tutachanga."

Akainuka, akaingia ofisini, akakivua kile kitambaa kwa mkono wake, akakikunja vizuri na kumkabidhi mwalimu mkuu. Sijawahi kumwona mwalimu mkuu akiwa mnyonge kiasi kile, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Majuma machache baadaye watoto walimwalika mwenyekiti aje aone programu yao ya kwanza. Alikaa mbele ya kioo cheusi, maandishi ya kijani yakatokea: SHIKAMOO BABU. Kisha hakuna kitu.

"Marahaba," akasema mzee. Akapaza sauti: "Marahaba!"

"Babu, haisikii," akasema yule msichana mpole, mbele ya watu wote, bila kuulizwa. "Iandikie."

Akamwonyesha herufi, moja baada ya nyingine, na mzee akazibonyeza kwa kidole kimoja kinene, akitua kupumua kila baada ya herufi. Hakuna aliyemharakisha. Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikilia bila haya. Alipobonyeza ya mwisho, kioo kikaandika: ASANTE BABU, SASA NAENDELEA. Mzee akageuka kututazama, mmoja mmoja, ahakikishe kwamba wote tumeona.