Chunusi za Kavira na Maharagi Yaliyokatazwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya pale Butembo, sista titulaire, yaani mwuguzi mkuu wa kituo, alinisikia nikimwuliza mgonjwa wa ngozi, "Jana ulikula nini?" Akanivuta kando.

"Hapana kuuliza hivyo. Hapa kama mutu hajakula bugali, anasema hajakula. Uliza ni nini ilipita mu kinywa."

Nilicheka moyoni. Baadaye niliona kwamba bila swali lile ningefanya kazi gizani.

Nyinyi mnaoanza uuguzi leo, shikeni hili. Chunusi huanza pale mafuta ya asili ya ngozi, tunayoyaita sebum, yanapoziba kinyweleo. Ngozi huyatengeneza yenyewe. Hayapandi kutoka sufuria ya mawese hadi shavuni. Sukari nyingi, vinywaji vitamu na unga mweupe ndivyo vinavyoweza kuzichochea kwa baadhi ya watu. Lakini jaribu kuwaambia wazazi! Watakuitikia vizuri, kisha warudi nyumbani kumnyima binti karanga.

Kutoka Butembo nilihamishiwa Beni, komini ya Ruwenzori, yaani mtaa mmoja wa mji huo, chini ya médecin directeur, daktari mkuu, mpole kuliko mimi. Huko ndiko alikoletwa Kavira, amebebwa. Alikuwa finaliste, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na alikuwa ameanguka katikati ya mtihani wa taifa. Macho yamepauka, uso umejaa chunusi. Shangazi yake aliyemlea, mwenye duka kwenye barabara ya Mavivi, alikuja akihema nyuma yake.

"Tantine, tangu jana ni nini ilipita mu kinywa yake?" nilimwuliza.

"Hakuna kitu. Nilimukatazaka maharagi, karanga, avoka na mawese. Mafuta inatokea ku uso. Nani ataoa ile uso?"

"Na kule ku duka?"

"Ah! Mandazi na sucré. Lakini ile hapana chakula, mama. Ni ya kupitisha wakati."

Damu ilinichemka. Mtoto amenyimwa kinachomjenga, ameachiwa mandazi na soda vinavyoweza kumwongezea chunusi, kwa sababu tu havihesabiwi kuwa chakula! Na mtihani umekwenda na maji, mwaka mzima wa masomo, kwa ajili ya mume ambaye hata hodi hajapiga. Tangu nianze kazi sijaona mvulana mwenye chunusi akinyang'anywa sahani. Wao husemwa wanakua. Nilimfokea yule mama hata docta akatoka ofisini mwake.

"Pole pole, mama," aliniambia. "Arudilie maharagi na mboga, sucré ipunguke. Lakini chakula peke yake haitamaliza boutons, hizi chunusi. Ni umri, ni damu ya familia pia. Tutamupatia dawa ya kupakaa."

Kuhusu dawa alisema kweli. Kuhusu pole pole, sijakubaliana naye mpaka leo.

Kavira akarudia mwaka. Nilikuwa nikipita dukani nikitoka zamu, nikiuliza swali langu, na shangazi akinijibu huku amenuna. Lakini maharagi yalipikwa. Chunusi zikapungua, hazikuisha, na mimi sikuwahi kuahidi zingeisha.

Nilistaafu kabla matokeo ya mtihani wake wa pili hayajatoka, nikarudi kukaa Butembo. Watu hudhani kustaafu hupoza hasira. Yangu imepata nafasi tu. Nakaa barazani nikiwaza ni wasichana wangapi wamelala njaa kwa sababu jirani alitazama mashavu yao, na natamani kusimama tena.

Matokeo yalipotoka, Kavira alisafiri hadi kwangu. Alikuwa mweupe kwa poda kuanzia nywele hadi kidevu, kama tunavyowamwagia waliofaulu, akilia na kucheka pamoja. Shangazi alimfuata na kitambaa mkononi.

"Jipanguse, mutoto! Ile poda italeta boutons!"

Nilimshika mkono yule mama.

"Tantine, muachie. Leo hakuna mutu atagusa hii uso."