Jinsi Nilivyomzika Mume wa Mama Mdogo

Kila nikialikwa kuzungumzia riwaya yangu ya kwanza, huulizwa swali lile lile: ilikuwaje nikachanganya foleni ya mchele na majini? Sura hii watu wamesimama dukani na vikapu vyao wanagombania nani kafika mwanzo, sura inayofuata mtu yuko nyuma ya bahari ya saba anapigana na joka la vichwa saba. Mimi hujibu kisomi, maneno marefu marefu, na watu wakatikisa vichwa kukubali. Wallahi, ni uwongo mtupu. Nilichanganya kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa na mume ambaye hakurudi nyumbani, na mimi nilikuwa na uchu wa kuandika.

Mumewe alikuwa karani bandarini. Mwaka ule wa Mapinduzi, asubuhi moja, alivaa kofia yake akasema anakwenda shamba kumtazama mamake. Hakufika. Wengine walisema kavuka Mombasa, wengine wakaapa kaonekana Maskati, na wengine walinyamaza, na hao walionyamaza ndio waliotutisha. Mama mdogo akahamia kwetu, nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, akawa anashona kofia za viua kwa kujikimu.

Miaka ikapita. Kadhi akaulizwa, akasema muda umetosha: mwanamke huyu ahesabiwe kafiwa, akae eda, ikisha ana ruhusa ya kuolewa. Mama mdogo akagoma. Hakulia wala hakugomba. Alisema, "Nikivaa nyeupe nikakaa eda, ndiyo nshamuua mimi kwa mkono wangu." Basi. Utambishia nini mtu aliyekwambia hivyo?

Na wa kumwoa alikuwepo. Fundi seremala wa Mpendae, mtu mpole aliyefiwa na mkewe, alikuja siku moja kututengenezea dirisha, na tangu hapo hakukosa sababu. Kila baada ya siku chache kuna bawaba ya kukaza, kuna mlango unaolia. Nyumba nzima haikuwa na mlango uliokuwa unalia! Mama mdogo naye alimpenda. Hakusema, lakini siku za fundi kahawa ilitiwa tangawizi, siku nyingine tulikunywa vivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na kalamu yangu. Nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, kijana, nimejaa makeke. Ijumaa baada ya Alasiri wanawake wa mtaani walipanda juu kwetu kushona kofia, na mimi nikiwasomea nilichoandika wiki hiyo. Nilianza na mambo tunayoyajua sote: foleni, unga tuliopewa mahali pa mchele, watu kushusha sauti gari ikipita. Walicheka kwanza. Halafu jirani mmoja akaweka sindano chini akanambia, "Mwanangu, haya ukiyaandika hivi hivi yatakutia mashakani." Kweli tupu. Ndipo nilipowaleta majini. Mtu wangu wa hadithini akiwa kachukuliwa na mfalme wa majini, nani atakayeniita kuniuliza? Na tusidanganyane, nilipenda. Nililelewa na hadithi za mazimwi na masultani, mikono ilikuwa inaniwasha.

Basi mtu wangu akatoka asubuhi moja nyumba ya mawe, kavaa kofia ya viua, akaenda shamba, akapotelea nchi ya majini. Hata kuficha sikuficha. Mama mdogo alimjua tangu ukurasa wa mwanzo. Nilidhani atakasirika, kumbe akasogeza jamvi lake karibu yangu.

"Huko kwa majini anakula nini?" aliniuliza.

"Sijafika huko, Mama."

"Usimpe bamia tu. Hali bamia."

Nikaandika kwamba hali bamia. Wiki nyingine akanambia yule haingii mahali bila ya kukohoa kwanza, hata chumbani kwake mwenyewe. Nikaandika: shujaa wangu, upanga mkononi, kafika mlangoni pa joka, akakohoa kwanza ndipo akaingia. Wanawake walicheka mpaka nyuzi zikawaponyoka. Mama mdogo alilia. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo: alipolia, mimi nilifurahi. Niliona sura imekolea. Nikawa namchokonoa kwa makusudi, leo namuuliza alikuwa analalaje, kesho namuuliza alikuwa anamwitaje, na machozi yake yote nayapeleka kwenye karatasi.

Ramadhani ilipokaribia, mama yangu mzazi alinivuta jikoni, kaziba mlango kwa mgongo wake.

"Weye una akili kweli? Fundi kasema anangoja mpaka Mfungo Mosi. Ramadhani ikisha hajapata jibu, anatafuta pengine, na hana makosa. Unajua ndugu yangu kamjibu nini? Kamwambia asubiri kwanza, asikie kama mtu wako atarudi."

"Lakini Mama, ile ni hadithi."

"Hadithi! Kila Ijumaa unamfufua mume wa mtu, wasema hadithi! Imalize."

Nilikasirika, tena sana. Nilishapanga arudi salama, sura ya mwisho ilikuwa nzima kichwani mwangu. Nilimnunia mama siku tatu nne. Lakini kila nikimtazama mama mdogo, kichwa kainamia kofia yake, nywele za pembeni zishaanza kuwa nyeupe, moyo wangu ulinisuta. Nikaketi nikamuua. Joka lilikatwa vichwa sita, cha saba kikamwahi.

Ijumaa ile nilisoma kwa sauti ya chini bila ya kuinua macho. Nilipomaliza, mama mdogo ndiye aliyeuliza.

"Kaoshwa na nani?"

Sikufahamu. "Nani, Mama?"

"Huyo uliyemuua. Kaoshwa na nani? Au umemwacha juani?"

"Mama, hii ni—"

"Najua ni hadithi, miye si mwendawazimu. Nakuuliza kaoshwa na nani. Huko hakuna Waislamu?"

Jirani mmoja akasema polepole, "Majini Waislamu si wapo."

"Ee. Basi waje wamwoshe," akasema mama mdogo, akaendelea kushona.

Nilikwenda kuandika sura ambayo sikuwahi kuitaka. Nchi ya majini niliiumba mwenyewe, milima yake ya shaba na mito inayopanda juu, kumbe sijui mwanamume anaoshwaje. Nilimfuata mzee aliyekuwa anaosha maiti wa mtaani kwetu. "Shikamoo." "Marahaba." Nikamuuliza, akanitazama kwa shaka, akanambia, "Nani kafa?" Nikababaika. Hata hivyo alinieleza yote: majani ya mkunazi kwenye maji, upande wa kulia kwanza, pamba, kafuri, sanda vipande vitatu, na namna ya kumlaza ndani ya mwanandani wa kaburi akaelekea kibla. Nikaandika kama alivyonipa, sikuongeza chumvi. Majini wanne wakapandisha mikono ya kanzu zao, wakamwosha karani wa bandarini kama angeoshwa msikiti wa jirani yetu. Na niseme kweli, sijawahi kuandika vizuri kama siku ile.

Nilisoma Ijumaa iliyofuata. Nilipofika kwenye udongo wa mwisho, mama mdogo aliweka kofia chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiuun," akasema. Akavua herini, moja kisha ya pili, akavua bangili, akamwambia mama yangu, "Dada, nipe nguo nyeupe."

Mama akainuka kwenda kufungua kabati.

Mnajua lililofuata? Watu walikuja kumpa pole! Siyo mchezo, walikuja kweli, kanga zimefungwa kifuani, wakakaa chini, wakalia kilio ambacho tulikiweka tumboni miaka yote ile. Hitima ikasomwa kwa jina la mtu yule, baba yangu akatoa halua na kahawa, na fundi akakaa barazani na wanaume, kainamisha uso. Mimi nilijificha jikoni, nikakuna nazi ambazo hakuna aliyeniagiza nizikune. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: kama yuko hai? Kama yuko Maskati huko anauza vitambaa, anahesabu siku ya kurudi kwa mkewe, na mimi hapa nshamtia mwanandani kwa sababu fundi kachoka kungoja na mama kanigombeza?

Mama mdogo alikaa eda yake kamili. Fundi, Mungu ambariki, akaungoja Mfungo Mosi mpaka ukapita, akangoja na miezi iliyofuata. Wakaoana, mama mdogo akahamia Mpendae.

Riwaya ilipotoka, watu walisema ukurasa unaosadikika kuliko yote ni ule wa majini wanaoosha maiti. Sikumpelekea mama mdogo nakala. Nilikuwa namkwepa, nikijisingizia kazi za skuli. Mwisho aliniita mwenyewe, na mama mdogo akikwita huwezi kukataa.

Nilimkuta kanenepa, uso umejaa, kapaka wanja. Aliniandalia mihogo ya nazi na papa, akakaa mbele yangu kuhakikisha nala. Tulizungumza habari za nyumbani, za fundi, za kuku wake. Nikaanza kupumua. Nikasema moyoni, basi, yamekwisha salama.

"Juzi nlimuota yule," akasema.

Nikalirudisha tonge sahanini.

"Kasimama hapo mlangoni, nguo zake zile zile. Akaniuliza, 'Kwa nini mmenizika na mimi ningali hai?' Nkamwambia, miye sikukuzika. Aliyekuzika ni mwanangu, nenda ukamuulize." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo, akanisogezea sahani. "Nkamwelekeza kwako. Kula, mwanangu, itapoa."

Nikala yote. Tangu siku ile, mtu akibisha hodi kwangu, sisemi karibu mpaka niijue sauti.