Ushuhuda Ambao Haujaisha

Wageni wa ng'ambo walikuwa waje kanisani Mukuyuni Jumapili, na kila mwenye ushuhuda aliambiwa auandike kwa Kiingereza. Nilikuwa katika ofisi ya kanisa nikingojea cheti wakati mkulima mmoja alipoingia na mkewe, akakaa mbele ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akipiga taipu.

"Andika niliwacha pombe," mkulima alisema.

Mwalimu aliinua vidole. "Wazungu wana wakati uliopita wa aina nyingi. Uliwacha zamani ikaisha, ama umewacha juzi?"

"Zamani. Weka ile ya zamani kabisa."

Mkewe alikuwa akichagua ndengu za wageni kwenye ungo, na hakuinua macho. "Mwalimu, hiyo zamani inafika mpaka Jumamosi iliyopita?"

Mkulima alivua kofia, akaizungusha mikononi, akaivaa tena. "Basi andika ninajaribu kuwacha."

"Lakini huo si wakati uliopita."

"Hata pombe yenyewe haijapita, mwalimu."

Jumapili nilienda kusikiliza, jambo ambalo si kawaida yangu. Shuhuda nyingine zote zilikuwa za mambo yaliyokwisha, walevi waliokuwa walevi na wezi waliokuwa wezi, na wageni wakapiga makofi. Wale walevi nawajua. Mimi hukutana nao kilabuni Jumatatu jioni.

Ushuhuda wa yule mkulima, kwamba anajaribu kuwacha, uliposomwa, wageni walitazamana, wasijue kama wapige makofi au waombe. Kigelegele kimoja kilitoka upande wa akina mama, kirefu, cha mtu mmoja tu.