Bonge la Tope Juu ya Kompyuta

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Evodia Chilongani, mchora ramani wa mradi wa maji ya mifugo, ameinamia picha ya rada iliyochapwa jana. Kaskazini mwa Hombolo kuna doa jeusi. Kalamu ya bluu iko mkononi, lakini haigusi karatasi.

Setilaiti imepiga picha hiyo kwa mawimbi yanayopenya mawingu na giza. Penye vichaka, mawimbi hurudi na picha hung'aa. Penye maji yaliyotulia, huteleza yakaenda zao, na picha huwa nyeusi.

"Ndivyo nilivyofundishwa," anasema mama huyu wa miaka 41. "Kumbe hata kwenye udongo mkavu uliolala sawasawa yanateleza."

Somo hilo alilipata Oktoba mwaka jana, 1998. Alipaka doa moja bluu, rangi ya maji, na mradi ukawaelekeza wafugaji huko. Mmoja wao, Thobias Mbogoni, alitembea siku mbili na mifugo yake, akakuta mbuga kavu. Ng'ombe tisa walikufa.

Thobias alikuja ofisini na bonge la tope lililokauka, akalitua mezani.

"Dada, maji yako haya hapa. Kunywa."

Bonge hilo sasa linakaa juu ya kompyuta yake, na hapaki tena bluu mahali ambapo hapajakanyagwa na mtu.

Tangu ofisi ipunguze wafanyakazi, kati ya saba wamebaki wawili, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Mwenzake ni bosi wake, Cornel, anayeitaka ramani Ijumaa. Ukame umerudi, na wafugaji wanasubiri kuelekezwa.

"Setilaiti iko juu kilomita mia nane, wewe unataka kwenda kuuliza ng'ombe!" Cornel anamtania.

"Ng'ombe hajawahi kunidanganya, bosi."

Saa nane mchana yuko ukingoni mwa doa lake. Thobias amekubali kumwongoza, na ng'ombe wake wako nyuma yao. Mbele yao maji yametanda, yametulia tuli. Thobias anachomeka fimbo. Inazama hadi nusu. Anachota kwa kibuyu, anamnyooshea.

"Dada, leo tangulia wewe."

Evodia anakunywa. Thobias anawapigia ng'ombe mluzi, nao wanateremka.

"Nataka kila bwawa kwenye ramani liandikwe jina la aliyelikanyaga," Evodia anasema, akifungua kalamu. "Hili naandika Thobias."

"Andika na lako," anajibu bila kugeuka. "Umekunywa."